Ni Nani Aliyekipima Kibaba? Elimu ya Ala za Vipimo na Kazi Zake

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tumeirudia shuleni, tumeiandika kwenye khanga, na tumewaasa watoto wetu kwayo. Lakini ni wachache waliowahi kuuliza swali linalofuata: je, kibaba chenyewe kilipimwa na nani? Kibaba kikizidi upana, muuzaji amepunjwa. Kikipungua, mnunuzi amepunjwa. Na huenda kati yao hakuna mwizi hata mmoja.

Swali hilo limenirudia juma hili kwa sababu ya wageni niliowapata nyumbani kwangu hapa Nyakabuye. Jirani yangu, mkulima wa kahawa, alikuja jioni pamoja na mkewe na binti yao. Binti huyo yuko mwaka wa tatu wa sekondari, na wakati wa kuchagua mkondo umewadia: elimu ya jumla, ualimu, au ufundi. Yeye anataka ufundi. Anataka asome umeme na elektroniki, kisha ajiendeleze katika elimu ya ala za vipimo. Baba hataki.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana watu wa hapa hawajaacha kuniita hivyo ijapokuwa niliiacha chaki zamani nikaingia ofisini, "huko kwenye ufundi si ndiko wanakopelekwa walioshindwa? Na huyu ni mtoto wa kike. Na hizo ala za vipimo ni kitu gani? Atakuwa anauza rula?"

Mama mtu hakutia neno. Binti aliinamisha kichwa. Niliona kwamba jibu la haraka lingemvunja mmoja wao, nikaomba chai iletwe kwanza. Haya yafuatayo ndiyo niliyowaeleza, na nimeona yafaa niyaandike hapa, kwa kuwa najua nyumba nyingi zina mjadala kama huo.

Somo linaanzia jikoni

Mtazame mama anayepika maharagwe. Husikiliza mchemko wa sungura... la, wa chungu, hunusa, huchota punje moja akaibonyeza kwa vidole. Hulinganisha alichokiona na kile anachokitaka. Kama moto ni mkali, huvuta kuni nje. Kama umelegea, husukuma ndani. Kisha hurudia tena, hata chakula kiive. Hisi, linganisha, rekebisha: hayo matatu ndiyo msingi wa elimu yote ya ala za vipimo na udhibiti.

Kiwandani, badala ya sikio na pua kuna kihisi, yaani kifaa kinachotambua jotoridi, shinikizo, uzito, kina cha maji au kasi ya mtiririko. Badala ya akili ya mpishi kuna kidhibiti, ambacho siku hizi ni kompyuta ndogo imara iliyopangiwa kazi yake. Badala ya mkono unaosukuma kuni kuna vali inayofunguka na kufunga, au mota inayoongeza na kupunguza mwendo. Na fundi wa ala za vipimo ndiye anayehakikisha kwamba hivyo vitatu vinasemezana ukweli.

Twende tukaone kwa macho. Chini ya milima yetu, katika bonde la Bugarama, kipo kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa China, na ambacho mwaka 2015 kilizindua mtambo mpya wenye uwezo wa kutoa tani 600,000 kwa mwaka. Saruji hutokana na mawe ya chokaa na udongo kuchomwa ndani ya tanuri kubwa linalozunguka, mpaka malighafi hiyo ifikie nyuzi za Selsiasi 1,450 hivi. Hapo hakuna mtu wa kutia kidole. Hata kipimajoto cha zebaki hakifai, maana zebaki huchemka ikifika nyuzi 357. Basi mafundi hutumia nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Kiungo kikipata moto, umeme mdogo sana huzalika, na kwa kuupima umeme huo moto hujulikana. Jambo hilo liligunduliwa na Mjerumani Thomas Seebeck mwaka 1821, na kifaa chake huitwa themokapo. Palipo moto usiogusika kabisa, hutumika kifaa kinachosoma mwanga na joto la tanuri kwa mbali, kama mama anavyojua kaa lililoiva kwa rangi yake.

Moto ukipungua, saruji haitakuwa saruji. Ukizidi, matofali yanayolinda tanuri huharibika na nishati hupotea bure. Kwa hiyo namba inayoonekana katika chumba cha udhibiti si pambo.

Jiwe lililokula kahawa

Hapo jirani yangu alitikisa kichwa akasema kwamba mambo ya matanuri ni ya wakubwa. Ndipo nikamkumbusha jambo analolijua mwenyewe.

Misimu michache iliyopita tulikuwa na ugomvi katika kituo kimoja cha kununulia kahawa. Mimi nina miche kidogo niliyoachiwa na wazazi, naye ana shamba. Tulikuwa tukipima kahawa mbivu nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, tukapata kilo 40; tukifika kituoni, mizani ya pale ikasoma 37. Leo 37, kesho 38. Karani alituonyesha kwamba mizani ikiwa tupu inasoma sifuri barabara, nasi hatukuwa na la kujibu. Msimu ukaisha kwa manung'uniko. Karani, kijana wa watu, aliitwa mwizi sokoni na hata kwenye misiba. Mimi pia nilimdhania vibaya, na ninakiri.

Msimu uliofuata alikuja fundi kijana na sanduku la mawe ya mizani yaliyohakikiwa. Aliweka kilo 20 katikati ya jukwaa, kisha kwenye kila pembe. Pembe tatu zilikubaliana. Ya nne ilipungukiwa. Aliliinua jukwaa, akatoa kijiwe kisichozidi punje ya hindi, kilichokuwa kimekwama kati ya jukwaa na fremu. Mizani ikiwa tupu, kijiwe hakikubeba kitu, na sifuri ilikuwa sifuri. Ukiweka gunia, jukwaa linashuka kidogo, na kijiwe kinabeba sehemu ya mzigo. Sehemu hiyo haikuhesabiwa. Karani hakuwa mwizi, wala sisi hatukuwa waongo.

Jirani yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Yule kijana aliyetoa jiwe, alisoma nini?"

"Alisoma ufundi," nilimjibu. "Elektroniki. Mwenyewe alituambia siku ile."

Ndugu msomaji, hilo ndilo neno ninalotaka ulishike katika makala hii: fundi wa ala za vipimo ni shahidi. Watu wawili wasioaminiana hukaa kwa amani kwa sababu yupo mtu wa tatu aliyehakikisha kwamba namba ni ya kweli. Tazama mto wetu wa Rusizi. Kituo cha pili cha umeme katika mto huo, kilichoanza kazi mwaka 1989 kikiwa na uwezo wa megawati 44 hivi, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo, kupitia shirika liitwalo SINELAC. Nchi hizo tatu zimepitia nyakati ngumu, na si mara zote zimetazamana kwa jicho jema. Lakini umeme hugawanywa kwa kipimo, na mita isiyoaminika ingeleta ugomvi mkubwa kuliko ule wa kahawa yetu.

Ukimya si sifuri

Binti alipoona baba amelegea kidogo, aliuliza swali zuri: je, fundi hujuaje kwamba ala yenyewe haidanganyi?

Nilimpa mifano miwili. Wa kwanza ni wa busara. Katika viwanda vingi kihisi hupeleka habari zake kwa waya kwa njia ya umeme mdogo, kuanzia miliampea 4 hadi 20. Kipimo cha chini kabisa ni 4, cha juu kabisa ni 20. Kwa nini wasianze na sifuri? Kwa sababu waya ukikatika umeme huwa sifuri. Kama sifuri ingekuwa na maana ya "tangi ni tupu", basi waya uliokatwa na panya ungesema uongo kwamba tangi ni tupu. Kwa kuanzia 4, tangi tupu husema 4, na waya uliokufa husema sifuri. Hivyo ukimya hutambulikana kuwa ni ukimya.

Mfano wa pili ni wa majuto. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, vali moja ya kupunguza shinikizo ilikwama ikiwa wazi. Taa katika chumba cha udhibiti iliwaambia wafanyakazi kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuwa ikionyesha hali ya vali. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imepelekwa. Maji ya kupooza yalitoroka kwa saa kadhaa, na sehemu kubwa ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Mzazi yeyote anaijua tofauti hiyo: kumwagiza mtoto afunge mlango si sawa na mlango kufungwa.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya fundi huyu ni kuhakiki, yaani kulinganisha ala yake na nyingine iliyo sahihi zaidi, nayo imelinganishwa na nyingine iliyo juu yake, mpaka kufika kwenye vipimo vya taifa. Hapa Rwanda vipimo hivyo hutunzwa na Shirika la Viwango, RSB. Kutoka hapo mnyororo huendelea hadi vipimo vya dunia. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa kipande cha metali ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafu, na kilo sasa hufasiliwa kwa kanuni ya maumbile isiyobadilika. Hivyo gunia la kahawa la Nyakabuye na dhahabu ya benki ya Ulaya vina shina moja.

Mahali kazi zilipo

Sasa tuingie katika jambo linalowahangaisha wazazi: mtoto akishasoma, atakula wapi?

Kwanza, viwandani. Saruji nimekwisha kuitaja. Viwanda vya chai, kama vya Shagasha na Gisakura katika upande wetu huu wa Cyangugu ya zamani, hukausha majani kwa jotoridi linalopaswa kuchungwa, maana likikosewa ladha huharibika na bei hushuka. Pili, umeme. Huko Karongi, mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016 ukiwa na uwezo wa megawati 26, huvuta maji kutoka kina cha mita 350 hivi katika Ziwa Kivu ili kutoa gesi ya methani iliyoyeyuka humo. Pale shinikizo, mtiririko na uvujaji wa gesi ni lazima vipimwe usiku na mchana.

Tatu, hospitalini. Mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, kitanda cha joto cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati: hizi zote ni ala za vipimo. Nyuzi mbili za uongo katika kitanda kile zaweza kumgharimu mtoto maisha. Wanaozitunza huitwa mafundi wa vifaa tiba, na elimu yao ni ndugu wa elimu hii.

Nne, maji, mvua na ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Jimbo letu la Magharibi. Na wakazi wa Rusizi hawajalisahau tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Vipimo havizuii mvua wala tetemeko, lakini kipimo cha mto kilicho hai chaweza kuwapa watu muda wa kutoka nyumbani.

Kisha tazama nje ya mipaka yetu. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto njia nzima, kwa kuwa mafuta yale huganda yakipoa. Fikiri ni vihisi vingapi hivyo. Nchini Tanzania, Wakala wa Vipimo huhakiki mizani na pampu za mafuta. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inafungua njia kwa mfanyakazi wa nchi moja kutafuta kazi katika nyingine, na Kiswahili, ambacho bunge letu lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, ni nauli ya nusu ya safari.

Njia ya kupitia

Kwa kijana wa hapa, njia ya kawaida ni hii. Baada ya mwaka wa tatu wa sekondari huingia shule ya ufundi, ngazi ya tatu hadi ya tano, akasoma umeme au elektroniki. Akifaulu, huweza kuendelea katika vyuo vya Rwanda Polytechnic, kilichoundwa mwaka 2017. Kilicho jirani nasi zaidi ni kile cha Karongi. Anayepitia elimu ya jumla kwa fizikia na hisabati aweza kuingia Chuo Kikuu cha Rwanda, upande wa sayansi na teknolojia. Kwa anayetaka jina lenyewe la ala za vipimo na udhibiti, majirani wanalo: Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na nchini Kenya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja.

Ngazi za kazi ni tatu: fundi mchundo anayefunga na kufungua, fundi sanifu anayehakiki na kutafuta kasoro, na mhandisi anayebuni. Zote zina heshima. Mtu aweza kuanzia ya kwanza akafika ya tatu, na wengi wamefanya hivyo.

Nisiwadanganye lakini. Cheti peke yake hakishiki bisibisi. Vipo vyuo vyenye majina makubwa na karakana tupu, ambamo mwanafunzi huchora ala ubaoni kwa miaka mitatu bila kuigusa. Kabla ya kulipa ada, mzazi aende mwenyewe aulize: karakana iko wapi? Wanafunzi wangapi hutumia kifaa kimoja? Mafunzo ya kazini hufanyika wapi, na kwa miezi mingapi? Chuo kimesajiliwa kwa kozi hii au kwa nyingine? Asiyejibu maswali hayo kwa uwazi, muage kwa adabu.

Tena kazi yenyewe ina zamu za usiku, vumbi, joto, na ngazi ndefu za kupanda. Vitabu vya mitambo huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mitambo hubadilika, na fundi aliyeacha kusoma huachwa nyuma. Wala nafasi hazimwagiki kila kijiji. Huenda akalazimika kuishi mbali na kwao. Lakini kuhusu jinsia, sikuona katika kazi hii jambo linalomkataa mwanamke. Inataka mkono mtulivu, jicho lisilopuuza kitu kidogo, na moyo usiokubali kuandika namba ambayo hakuisoma. Mara ngapi tumewasifu mama zetu kwa sifa hizohizo?

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Fundi huyu atajaribiwa. Ataambiwa aandike kwamba kifaa kimehakikiwa ilhali hakijaguswa. Ataambiwa aongeze kidogo, apunguze kidogo. Hisabati hufundishwa chuoni, lakini uaminifu huo hufundishwa nyumbani, kabla ya chuo.

Wageni wangu waliondoka giza likiwa limeingia. Jirani yangu hakusema ndiyo, na sikumshurutisha. Alimwambia binti aandike majina ya shule tatu, na chini ya kila moja maswali yale manne, kwamba Jumamosi watakwenda pamoja kuiona iliyo karibu. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Lakini Mwalimu, yule karani hatukumwomba radhi."

Ni kweli, hatukumwomba. Jumapili nitamtafuta.

Wazazi wenzangu, mtoto anapochagua kazi msitazame tu kama kazi hiyo ina tai au ina ovaroli. Tazameni ni nani atakayenufaika iwapo ataifanya vizuri, na ni nani atakayeumia iwapo haitafanywa. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi tunahitaji vijana wa kutuambia kama kibaba chetu kimetimia.